Albamu ya pili: usiilazimishe vesi kwenye biti isiyo yake

Albamu ya kwanza chalii huanza kuiandika akiwa bado shuleni. Ya pili anatakiwa aitoe mwaka unaofuata, na safari hii kila mtu ana maoni: meneja, DJ wa redio, hadi shemeji. Mimi ni prodyuza hapa Kijenge, Arusha, na swali huwa lile lile: "Bro, tubaki na hip hop yetu au tutafute hela?"

Hela siipingi. Kodi ya fremu hailipwi kwa heshima za mtaani. Ninachokataa ni kutaka ngoma moja ifanye kazi zote mbili.

Mchizi mmoja alikuja na vesi kali aliyoiandika kwenye mdundo wa mapigo 88 kwa dakika, ule wa kutikisa kichwa taratibu. Akataka tuihamishie kwenye amapiano, ule muziki wa kucheza wa Afrika Kusini, ambao hukimbia kwenye 112 hivi. Sasa maneno yetu ni marefu. "Wananikumbusha" peke yake ina silabi sita. Kwa kasi ile lazima umeze mbili tatu, na alizomeza ndizo zilizobeba vina. Mstari wa tatu haujaisha, pumzi imekata. Mpenzi wa mistari hasikii kitu, na wa kucheza anasubiri korasi tu.

Ushauri wangu: ngoma ya klabu iandike upya kuanzia sifuri, juu ya biti yake yenyewe, maneno machache, korasi ambayo konda wa kifodi, daladala zetu za hapa, cha Sakina ataidaka kabla hajafika stendi. Zile za moyoni ziache na mdundo wake, hata kama redio hazitazigusa.

Na asikudanganye mtu kwamba lazima uongee kama wa Dar. Joh Makini na wenzake wa Weusi, kundi la hip hop la hapa Arusha, walisikika nchi nzima na Uarusha wao. X Plastaz, kundi lingine la hapa, walichanganya rap na uimbaji wa Kimasai, albamu yao ya 2004 ikatolewa na lebo ya Ujerumani. Kumbe ya nyumbani nayo inauzika.

La mwisho ni karatasi. Kabla hujaingia kwenye maiki, andikeni asilimia za kila mtu, aliyeimba korasi akiwemo, msaini, kisha kazi ikasajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Fomu ya makubaliano ninayo studio. Kalamu njoo na yako, zangu machalii huondoka nazo.