Folda zote zikikupa 4096, kuna mahali umekosea

Desemba Moshi hufurika watu waliorudi nyumbani, na studio ya picha niliyokuwa nikisaidia kule Majengo haikupumua: harusi, ubarikio, kipaimara. Januari diski ya kompyuta ikawa imejaa pomoni. Nikajitolea kuandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya Python, ituonyeshe folda gani inakula nafasi. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza.

Majibu yakatoka: harusi 4096, kipaimara 4096, pasipoti 4096. Mwenye studio akachungulia skrini.

"Mdogo wangu, harusi nzima ilingane na picha za pasipoti?"

Kumbe os.path.getsize, amri ya Python ya kupima ukubwa, nilikuwa nimeiuliza ukubwa wa folda yenyewe. Kwenye Linux, folda ni kama daftari la majina, na daftari hilo kwa kawaida huchukua baiti 4096, liwe na majina mawili au ishirini. Picha hazimo humo. Inabidi uzifuate moja moja, hadi kwenye folda za ndani, ndipo ujumlishe.

Nikaingiza os.listdir, inayoorodhesha vilivyomo kwenye folda, likaja kosa jingine: faili haipo. Haipo vipi, na mimi naiona? Hili lilinila jioni nzima. Listdir hukupa jina tupu, tuseme IMG_0231.JPG, bila njia yake (folda ilimo), kwa hiyo Python ilikuwa ikiitafuta pale nilipoendeshea skripti. Dawa yake ni os.path.join, inayounganisha njia ya folda na jina la faili. Siku hizi natumia os.walk, ambayo inashuka yenyewe hadi chini kabisa, ila join bado unaihitaji, na unaunganisha na folda uliyomo wakati huo, si ile uliyoanzia. Wengi hunasa hapo.

Kosa la tatu ni la aibu: jumla = 0 niliiweka ndani ya lupu, ile sehemu ya skripti inayojirudia, kila folda ikaanza kuhesabu upya.

Usijaribie kwenye picha za wateja. Tengeneza folda yenye faili ya baiti 1000, na ndani yake folda nyingine yenye faili ya baiti 500. Isipotoka 1500, bado. Wala usishtuke du, amri ya Linux ya kupima folda, ikikupa namba tofauti: yenyewe huhesabu nafasi iliyokaliwa kwenye diski, na hata faili ya baiti moja kwa kawaida hukalia bloku nzima, yaani kipande kizima cha diski.

Tulipoiendesha tena, mlaji hakuwa harusi. Ilikuwa folda iitwayo "mpya", ina nakala tatu za kipaimara kilekile. Mwenye studio alizinakili mwenyewe. Akaniagizia chai.