Chumba cha Mombasa: jaribu maji kabla ya kulipa kodi

Ukitoka Dar es Salaam, Moroni, Bujumbura au Bukavu kuja kusoma Mombasa, lugha haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni nyumba, maana yanayomtesa mpangaji wa mji huu hayaonekani kwenye picha. Vigae vinang'aa, rangi mpya, na mfereji haujatoa tone tangu wiki iliyopita.

Kwa hivyo usipange ukiwa bado kwenu. Omba kitanda hosteli ya chuo, au lipia gesti siku 7 hadi 10, kisha utafute kwa miguu yako. Anayetaka umtumie diposti ili akuwekee chumba ambacho hujakikanyaga, achana naye.

Wanaosoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor kisiwani, wakipanga hapo hapo Tudor huenda darasani kwa miguu. Ukienda Kisauni au Bamburi utapata kodi nafuu mara nyingi, lakini kila asubuhi utavuka Daraja la Nyali pamoja na umati wa wanaokwenda kazini kisiwani. Likoni nako, ng'ambo ya kusini, kuna nafuu, na feri haimtozi mwenda kwa miguu. Shida ni foleni. Mwenye kipindi cha saa mbili asubuhi aijaribu safari hiyo siku ya kazi, saa ile ile. Ya Jumapili adhuhuri haikwambii kitu.

Singo ni chumba kitupu, choo na bafu ni vya pamoja. Bedsita ina choo chake na pembe ya kupikia. Halafu kuna nyumba ya Kiswahili, kama zile za Majengo: vyumba vimepangana pande mbili za ukumbi, na uani kuna choo, bafu na mara nyingine kisima. Kwa mgeni asiye na jamaa mjini, hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Majirani watakujua kwa siku tatu, na ukiugua mtu atabisha hodi. Uliza tu mapema masharti ya wageni na saa ya kufunga mlango.

Sasa maji, na hapa usione haya kumchosha dalali. Fungua kila mfereji. Ukiambiwa si ya kisima, chukua kipande cha sabuni usugue kiganjani. Povu likikataa na sabuni ikakatika kama maziwa yaliyoharibika, hayo ni maji ya chumvi. Yanafaa kupigia deki na kumwagia chooni; ukiyafulia, nguo nyeupe zitafubaa, na chai haitanyweka. Kisha mtafute mpangaji, umuulize pembeni: maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki, na tangi ni la lita ngapi kwa nyumba ngapi? Tangi la lita 5,000 kwa nyumba 10 ni lita 500 kwa kila nyumba. Familia itumiayo lita 125 kwa siku huzimaliza kwa siku 4.

Likikauka utanunua kwa mkokoteni. Ukipika na kufua mwenyewe, weka hesabu ya mitungi 3 ya lita 20 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Mtungi ukiuzwa shilingi 20 za Kenya, hizo ni 1,800 juu ya kodi, na mifereji ya mtaa mzima ikikauka bei hupanda. Linganisha vyumba baada ya kujumlisha hizo.

Joto nalo lipime. Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, chumba cha orofa ya juu kabisa huwaka: slebu, yaani paa la zege, hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku ukitaka kulala. Nenda saa nane mchana, funga mlango, fungua dirisha, kaa dakika 10. Dirisha linalotazama ukuta wa jirani halileti upepo. Gusa pia ukuta karibu na sakafu. Rangi ikikubandukia vidoleni kama unga, ukuta unavuta unyevu, na mvua za masika vitabu vyako vitaota ukungu.

Stima, yaani umeme: hakikisha chumba kina mita yake ya tokeni, ile ya kulipia kabla ya kutumia. Mita ya kuchangia huzaa ugomvi, hasa jirani akiwa na friji.

Mtanzania aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi 6 atapumua: hapa kawaida ni kodi ya mwezi wa kwanza na diposti ya mwezi mmoja. Sajili laini kwa pasipoti upate M-Pesa, ulipe kwa njia hiyo ili ujumbe ubaki ushahidi. Jina litakalotokea lisipolingana na la kwenye mkataba, simama hapo hapo uulize. Malipo ya dalali mkubaliane kabla ya kuzunguka naye, si baada.

Ugomvi mkubwa huwa siku ya kuhama, diposti inapokatwa kwa ajili ya rangi. Mkataba useme nani anapaka, kwa kiasi gani, na notisi ni ya muda gani. Siku ya kupokea funguo piga picha kila ufa, kila kitasa kilicholegea, sinki na vioo, uzitume kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp kabla hujaingiza godoro, ili tarehe ibaki kwenye simu yake na yako.