Barua zinatoka kwa jina langu, na mimi sijazituma

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tangu wiki iliyopita sanduku langu la barua pepe linajaa taarifa kwamba ujumbe wangu haukuweza kufikishwa, na wanaotajwa humo simjui hata mmoja. Rafiki yangu naye ameniuliza kwa nini nimemtumia kiungo bila maelezo. Alinipa picha ya skrini, na kweli jina langu lipo. Nimebadilisha nenosiri mara tatu, hali ni ileile. Sasa hata Thunderbird, programu ninayosomea barua kwenye kompyuta, imegoma: inaomba nenosiri, naliandika, inalikataa, inaomba tena. Je, nimedukuliwa? Nifute akaunti hii nifungue nyingine?

Jibu: Usifute kitu kwanza. Umeeleza matatizo matatu ukidhani ni moja, na hilo la Thunderbird yaelekea limezuka kwa sababu ya kubadilisha nenosiri. Nitalifikia.

Tuanze na hilo jina. Sehemu ya "Kutoka" katika barua pepe hujazwa na anayetuma, naye anaweza kuandika apendavyo. SMTP, utaratibu ambao seva (kompyuta zinazohifadhi na kupeleka barua) hutumia kupelekeana barua mpaka leo, ulichapishwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambayo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe wakijuana. Utaratibu ule haukuitaka seva imuulize mtumaji kama kweli ndiye. Ni sawa na bahasha ya posta: ukiandika anwani ya jirani nyuma ya bahasha, itapokelewa, na ikikosa mwenyewe itarudishwa kwa jirani, ambaye hana habari. Ndivyo zinavyokufikia taarifa zile. Mtu ametuma barua taka kwa maelfu ya anwani, nyingi zikiwa zimekufa, na akaandika anwani yako mahali pa kurudishia.

Taarifa hizo zikimiminika kwako waziwazi, mimi huelekea kuamini kwamba akaunti haijaingiliwa. Mwizi aliyeingia ndani hataki ujue, kwa hiyo jambo la mapema analofanya ni kuweka kichujio cha kutupa taarifa za namna hiyo kwenye takataka kabla hujaziona. Lakini hiyo ni dalili tu, na tunahitaji ushahidi.

Ushahidi upo ndani ya barua yenyewe. Mwombe rafiki yako aifungue ile aliyopokea, asiguse kiungo, aguse jina lako tu ili anwani kamili ijitokeze. Programu nyingi za simu huonyesha jina na kuficha anwani, na walaghai wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Mara nyingi utakuta jina ni lako lakini anwani ni mkorogo wa herufi kwenye kikoa (sehemu inayofuata alama ya @) usichowahi kukisikia. Ikiwa ni hivyo, kwa barua hiyo swali limekwisha: mtu amejiita jina lako, na hapo nenosiri halihusiki hata ulibadilishe mara mia.

Ikiwa anwani nayo ni yako sawasawa, itabidi kuangalia maandishi ya kiufundi yaliyo juu ya barua. Katika Gmail kwenye kompyuta, bofya vitone vitatu kando ya alama ya kujibu, kisha chagua kuonyesha barua asilia. Katika Thunderbird, fungua barua ubonyeze Ctrl na U. Yatatokea maandishi marefu yanayotisha, lakini wewe tafuta mstari unaoanza na "Authentication-Results". Humo kuna majibu mafupi kama haya:

spf=fail
dkim=none
dmarc=fail

SPF ni orodha ambayo mwenye kikoa huitangaza hadharani, akitaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa kikoa chake. DKIM ni sahihi ya kidijitali ambayo seva ya mtumaji huiweka kwenye barua, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo uliotangazwa na kikoa hicho. DMARC huangalia kama kikoa kilichopita mitihani hiyo ndicho kile kinachoonekana kwenye "Kutoka". Ukiona mistari kama hiyo hapo juu kwenye barua yenye anwani yako, basi yaelekea sana ni ya kughushi, haikupitia akaunti yako.

Ila soma kwa makini, maana hapa ndipo wengi huteleza. "spf=pass" peke yake haina maana kwamba barua ni halali. Mlaghai anaweza kusajili kikoa chake, akakiwekea SPF na DKIM safi kabisa, kila kitu kikapita. Angalia ni kikoa gani kilichopita: mbele ya neno hilo kuna "smtp.mailfrom" na "header.from" pamoja na majina ya vikoa. Kama kikoa kilichopita si cha anwani yako, aliyethibitishwa hapo ni mlaghai, na wewe hujathibitishwa chochote.

Utauliza: kama mitihani ipo, kwa nini barua hizo bado zinapita? Kwa sababu DMARC humwachia mwenye kikoa aamue barua iliyofeli ifanyweje: ipite, iwekwe pembeni au ikataliwe. Yahoo waliamua kukataa mwezi Aprili 2014, na papo hapo wakavuruga orodha nyingi za barua za vikundi, kwani zile hutuma barua kwa niaba ya wanachama kutoka seva nyingine. Tangu hapo wengi wamekwenda polepole. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwadai wanaotuma barua kwa wingi waweke zote tatu, na hali imekuwa afadhali, lakini seva ndogo zisizokagua chochote bado zimejaa duniani.

Zile taarifa za kurudishwa nazo zina ushahidi wake. Nyingi huambatisha barua iliyoshindikana, au angalau maandishi yake ya juu. Tafuta mistari inayoanza na "Received" uisome kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva hubandika wake juu ya uliotangulia. Ya chini kabisa inaweza kuwa ya uongo, kwa maana mtumaji mwenyewe anaweza kuitunga. Unaoaminika ni ule ulioandikwa na seva iliyoipokea barua ikaikataa: umetaja ilitoka kwa nani. Kama si seva ya kampuni inayokuhifadhia barua, haikutoka kwako.

Tahadhari hapo hapo: walaghai hutengeneza pia taarifa bandia. Ya kweli hueleza kilichoshindikana na kuishia hapo. Inayokutaka ubofye ili "kuachilia ujumbe uliozuiliwa", au uingie upya kwenye akaunti, ni mtego. Kiambatisho chenye mwisho wa .html kiache kama kilivyo.

Sasa tufanye ukaguzi wa pili, ule wa ndani ya akaunti. Ufanye hata kama barua zote zimeonekana za kughushi, kwa sababu haya mawili yanaweza kutokea kwa pamoja. Tumia kivinjari kwenye kompyuta, maana programu ya simu huficha nusu ya mipangilio. Tazama folda ya zilizotumwa na ya takataka. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia. Katika Gmail, chini kabisa upande wa kulia wa ukurasa, kuna mahali pa kuona shughuli za karibuni pamoja na anwani za IP, yaani namba za mtandao ambao kila kifaa kiliingilia. Usishtuke ukiona mji usio wako, kwani makadirio ya mahali kwa IP hukosea sana, hasa ukiwa kwenye mtandao wa simu. Shtuka ukiona kifaa ambacho hujawahi kukimiliki.

Kisha ingia kwenye vichujio na usambazaji. Hapa nakusihi usipite haraka. Mwizi mzoefu hakai ndani ya akaunti akisubiri kufukuzwa. Huweka agizo moja, kwamba kila barua yenye neno kama "malipo" au "ankara" isambazwe kwenye anwani yake, kisha huondoka. Ukibadilisha nenosiri, agizo hilo haliguswi. Unaweza kuwa na nenosiri la herufi arobaini huku barua zako zikisomwa na mtu asiyelihitaji. Futa kila kichujio usichokumbuka kukiweka, na kila anwani ya usambazaji usiyoijua. Angalia pia anwani ya kujibia, maana wapo wanaoibadilisha herufi moja tu ili majibu ya watu yaende kwao. Angalia programu za nje ulizozipa ruhusa ya kusoma barua, na namba ya simu pamoja na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Kama ya kurejeshea si yako, mwizi atarudi wakati wowote autakao.

Ukimaliza hayo, na kama umekuta kitu, hapo ndipo ubadilishe nenosiri kwa mara ya mwisho na kutoa vifaa vyote nje. Lako liwe refu, lisitumike kwingine kokote, na litunzwe na programu ya kuhifadhi manenosiri. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ikiwezekana kwa programu ya simu au ufunguo wa siri wa kifaa badala ya SMS. Baada ya hapo liache. Hii desturi ya kubadilisha kila mara haikusaidii kama ulivyofundishwa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza katika mwongozo wake wa 2017, kwa kuwa mtu akilazimishwa kubadilisha huongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea.

Labda unajiuliza walijuaje kwamba wewe na huyo rafiki mnafahamiana. Inatosha kifaa cha mmoja wenu, au cha mtu wa tatu mwenye anwani zenu wote, kiwe kiliwahi kuambukizwa. Emotet, programu hasidi ambayo mitambo yake ilivunjwa na polisi wa nchi kadhaa Januari 2021 kisha ikaibuka tena mwaka huohuo, ilikuwa ikiiba hata mazungumzo yenyewe, ikajibu barua za zamani kana kwamba ni mwenyewe anayejibu. Kwenye tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, unaweza kuandika anwani yako uone imevuja katika matukio gani. Anwani iliyotumika miaka mingi na isiyoonekana humo hata mara moja ni nadra, basi usipoteze usingizi.

Sasa Thunderbird. Kuna mambo mawili. La kwanza, ulipobadilisha nenosiri, ruhusa za zamani za programu hiyo zilifutwa, nayo inaendelea kujaribu ilichokihifadhi. La pili ni kubwa zaidi: Google kwa akaunti za kawaida waliacha mwaka 2022 kuzikubali programu zinazopeleka jina na nenosiri moja kwa moja, na Microsoft wakafanya hivyo kwa Outlook.com Septemba 2024. Akaunti iliyowekwa zamani kwenye Thunderbird inaweza kuwa bado na mpangilio ule, na ndiyo maana nenosiri sahihi linakataliwa.

Fungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, na kwenye njia ya uthibitishaji chagua OAuth2, ambayo hukupeleka kuingia kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe badala ya kuipa programu nenosiri. Nenda pia kwenye seva ya kutuma, ile inayopeleka barua, uchague hivyohivyo. Watu wengi husahau hii ya pili, wakashangaa wanapokea barua lakini hawawezi kutuma. Mlango (port) wa kupokea kwa IMAP, njia inayoacha barua zako kwenye seva, ni 993. Wa kutuma ni 465 au 587. Kisha ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama, fungua manenosiri yaliyohifadhiwa, futa yote ya akaunti hiyo, na uhakikishe vidakuzi (cookies) vimeruhusiwa, kwani vikizuiwa ukurasa wa kuingia wa Google hukwama. Funga programu uifungue upya. Litatokea dirisha la kuingia la kampuni yenyewe, si kile kisanduku kidogo cha nenosiri ulichozoea.

Usijaribu kutatua hili kwa kuiondoa akaunti kwenye Thunderbird na kuiweka upya kabla ya kuangalia kama unatumia POP, njia inayopakua barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuziondoa kwenye seva. Kwa POP, barua zako za zamani zinaweza kuwa zipo kwenye kompyuta hiyo tu, na wakati wa kuondoa akaunti kuna kisanduku cha kufuta data ambacho ukikitia alama kwa haraka, zimekwenda.

Na akaunti mpya? Hapana. Barua za kughushi hazitakoma kwa wewe kuhama, kwa kuwa hazikutoka kwako. Wimbi la taarifa za kurudishwa kwa kawaida hujifia lenyewe mlaghai anapohamia anwani nyingine. Tena anwani yako ya sasa ndiyo funguo ya akaunti zako nyingine zote. Zipo kampuni zinazogawa upya anwani zilizoachwa. Yahoo walitangaza mpango huo mwaka 2013. Anayepewa yako anaweza kubofya "nimesahau nenosiri" kwenye tovuti uliyosahau kuihamisha, na kiungo kikamfikia yeye. Baki nayo, na umwambie rafiki yako akipata kiungo kisicho na maelezo kutoka kwako akupigie simu kwanza, asiulize kwa kujibu barua hiyohiyo.