Miwani ya VR: ninunue, nisubiri au niachane nayo?

Maswali ya miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha dunia ya gemu kana kwamba umo ndani yake, yamekuwa yakiingia moja moja nami nayaweka pembeni. Safari hii nayajibu kwa mkupuo. Wengi wenu mmeiona kwenye video: mtu kajifunga dude usoni, anarusha ngumi hewani, na waliomzunguka wamekufa kwa kicheko. Naanza na mwenye mashaka, maana ndiye aliyeandika kwa hasira kuliko wote.

Kila mwaka tunaambiwa "huu ndio mwaka wa VR". Nimeusikia wimbo huo tangu niko chuo, sasa nina watoto wawili. Kwa nini wasikiri tu kwamba imeshindikana? (Msomaji, Dodoma)

Una haki ya kuchoka. Nintendo walitoa Virtual Boy mwaka 1995, picha nyekundu tupu juu ya weusi, na mwaka uliofuata wakaiondoa sokoni. Kikapita kimya kirefu hadi 2012, kijana wa Kimarekani, Palmer Luckey, alipochangisha zaidi ya dola milioni 2 mtandaoni ili atengeneze miwani ya Oculus Rift. Mwaka 2014 Facebook wakainunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2, wakati mteja wa kawaida hajauziwa hata miwani moja. Mwaka 2016 zikaja tatu kwa mpigo: Rift kwa dola 599, HTC Vive kwa dola 799, na PlayStation VR kwa dola 399. Mbili za kwanza zilidai pia kompyuta ya gemu yenye nguvu, ambayo peke yake ilikuwa ghali kuliko miwani. Wengi waliotangaza "mwaka wa VR" hawakuihesabu kompyuta hiyo.

Kilichoshindikana ni ile ahadi kwamba tutatupa televisheni. Hapo wamekwama kweli. Meta, ambao ndio Facebook ya jana, idara yao ya miwani hii ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17 kwa mwaka 2024 peke yake. Mwaka huohuo wakafunga studio yao ya kutengeneza gemu, Ready at Dawn, na Sony, wenye PlayStation, nao wakafunga studio yao ya London. Ni mduara mbaya: wanunuzi ni wachache, kwa hiyo studio haziweki fedha kwenye gemu kubwa, na gemu kubwa zisipokuwepo, wanunuzi hawaongezeki.

Ila kusema imeshindikana kabisa ni kukosa haki. Chukua Half-Life: Alyx, gemu ya VR ya 2020. Risasi zikikuishia hubonyezi kitufe kimoja mambo yakaisha. Unadondosha magazini tupu, unapeleka mkono nyuma ya bega kuchomoa nyingine kwenye mkoba, unaichomeka, unavuta bastola ikae sawa, na wakati wote huo kitu kibaya kinakusogelea polepole. Vidole vinatetemeka. Mtu aliyecheza gemu za risasi miaka kumi na mitano anajikuta anaangusha magazini sakafuni kama mgeni. Hilo skrini ya kawaida haiwezi kukupa, hata iwe pana kama ukuta. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nunua kwa ajili ya gemu iliyopo leo na unayoitaka wewe. Ukinunua kwa ajili ya gemu iliyoahidiwa, utaikuta miwani yako kabatini, chini ya mashuka.

Fundi, shikamoo. Nilijaribu VR kwa rafiki yangu, gemu ya mbio za magari. Haikupita dakika tano nikatokwa jasho jembamba, nikatapika. Hadi usiku dunia ilikuwa inayumba. Mwili wangu una kasoro? (Mwanafunzi, Eldoret)

Marahaba. Mwili wako ni mzima kabisa. Macho yanauambia ubongo kwamba unakwenda kasi, na sikio la ndani, ambalo ndilo kipimo cha mwendo na mizani, linajibu kwamba umekaa kitini. Taarifa zikigongana hivyo, tumbo ndilo linalolipa. Ni kama kusoma simu kwenye matatu barabara ya kona, ila kinyume: kule mwili unasogea na macho yametulia.

Mwenye kosa ni rafiki yako aliyekuanzishia na gari. Mgeni huanzishwa na gemu ambayo mwendo wa ndani ndio mwendo wake halisi. Beat Saber inafaa sana: umesimama palepale, unakata maboksi yanayokujia kwa mapanga ya mwanga kufuata muziki. Ukizoea, nenda kwenye gemu zinazokuruhusu kuelekeza pedi mahali na kutua hapo bila "kutembea". Kutembea mfululizo kuje baadaye, na magari yaje mwisho. Kwenye mipangilio, chagua kugeuka kwa vipande badala ya kugeuka kwa kuteleza.

Halafu kuna sheria ambayo vijana hawaipendi. Mate yakianza kujaa mdomoni, vua palepale. Usimalize raundi. Wanaojikaza kiume wakisema "nitazoea tu" huufundisha mwili kuichukia miwani, hadi wengine wakisikia harufu ya sponji yake tu kichefuchefu kinaanza. Weka feni ikupulize usoni. Inapoza, na pia inakukumbusha mbele ni wapi. Angalia pia umbali kati ya lenzi mbili ulingane na macho yako, na kama unacheza kwa kompyuta, hakikisha inamudu. Nyingi ya miwani hii imekusudiwa kuonyesha picha 90 kwa sekunde, au karibu na hapo, na picha zikianza kukwamakwama hata mzoefu anaugua.

Wapo ambao hawazoei maisha. Ukiwa mmoja wao, umeokoa fedha.

Kuna FIFA ya VR? (Wengi, kutoka kila kona)

Hakuna. EA Sports FC, ambayo ndiyo FIFA ya zamani, haina namna ya kuchezwa ndani ya VR. Unachoweza kufanya ni kuiangalia kwenye skrini kubwa ya kufikirika iliyo mbele yako, lakini mpira ni uleule na pedi ni ileile, shingo tu ndiyo inayobeba nusu kilo ya ziada. Kama roho yako iko kwenye mpira wa kuchezwa wawili kwenye kochi mkitupiana maneno, VR si yako. Wapenzi wa magari ndio wenye bahati: Gran Turismo 7 inachezeka karibu yote kwa PlayStation VR2, na unapogeuza shingo kuangalia kioo cha pembeni unamwona kweli anayekufukuza.

Naishi chumba kimoja cha kupanga: kitanda, kabati, jiko la gesi mlangoni. Nitaweza? (Msomaji, Tabata)

Kwa gemu za kuzungukazunguka unahitaji uwanja mtupu wa kama mita 2 kwa 2. Pima kabla hujaagiza. Usipoupata, zipo gemu nyingi za kukaa kitini au kusimama sehemu moja, na miwani ya sasa inakuruhusu kuchora mpaka sakafuni; ukiukaribia, wavu unatokea mbele ya macho.

Ila mpaka huo haujui habari za juu. Ukiwa na dari fupi, adui ni mmoja: pangaboi. Beat Saber inakutaka uinue mikono ghafla, na vidole havina vipuri. Zima pangaboi na utumie feni ya mezani. Funga chandarua juu, jiko litoke nje au mlango ufungwe, na umwambie aliye nyumbani asikusogelee kwa nyuma. Mikanda ya pedi ivae mkononi kila mara. Televisheni nyingi zimepasuliwa na watu walioona aibu kuivaa.

Bando litanimaliza? (Msomaji, Bukoba)

Siku ya kwanza, ndiyo. Meta Quest, ambayo ndiyo ya kawaida kwa wasio na kompyuta, inataka Wi-Fi, akaunti na programu kwenye simu ndipo iwake, kisha inajisasisha. Hotspoti ya simu inatosha. Gemu zenyewe zinatofautiana sana. Asgard's Wrath 2 peke yake inazidi GB 30, kwa hiyo usiipakue kwa bando la siku. Ukishapakua, gemu ya mchezaji mmoja kwa kawaida inachezeka bila intaneti. Umeme ukikatika haikusumbui mara moja, ina betri yake ya kama saa mbili, na pedi zinatumia betri ndogo za dukani.

Miwani yangu ina doa la njano katikati, haliondoki hata nikipangusa. Niliiweka dirishani tu. (Msomaji, Mombasa)

Jua limeiunguza. Lenzi hukusanya mwanga vilevile kama kioo cha kukuzia kinavyochoma karatasi, na skrini iko nyuma yake tu. Dakika chache zinatosha. Halitengenezeki bila kubadilisha skrini, na skrini zake ni shida kupata. Wengine mnaosoma: lenzi zitazame chini au zifunikwe, na usithubutu kuivaa nje mchana, wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari.

Mwanangu ana miaka 7, anailia kila siku. (Mama, Muscat)

Dada, asubiri. Meta wanaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, Sony wanasema 12. Tena miwani ni nzito kwa shingo yake, na lenzi nyingi hazisogei karibu kiasi cha kufaa macho ya mtoto mdogo.

Nina kibanda cha PS, mashine nne. Nikiongeza VR itanilipa? (Mfanyabiashara, Mwanza)

Fanya hesabu tofauti na ile uliyoizoea. Kwenye PS wawili wanalipa, watano wanasubiri huku wanashangilia na kununua soda. Kwenye VR mmoja anacheza, na usipotoa picha kwenye televisheni, wengine wanaangalia mtu anayepapasa hewa. Kwa hiyo televisheni ni lazima. Eneo lake likitoshea viti sita vya wateja wa PS, ujue viti hivyo umevipoteza.

Jasho ndilo litakalokutesa. Sponji ya usoni inalowa, mteja wa tatu anakunja uso. Nunua kifuniko cha silikoni kinachofutika na uwe na cha akiba. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu cha miwani, spiriti itaziharibu. Fikiria pia vichwa vya wateja wako: kwenye rasta nene na vilemba mkanda laini unateleza, mkanda mgumu wa kukaza kwa nyuma unashika vizuri zaidi. Na mteja mgeni mpe dakika 5 hadi 10 za gemu tulivu. Akitapika kibandani, siku nzima imeharibika.

Mimi ningeweka moja, kwa ajili ya wikendi na sikukuu, watu wanapolipia kuonja. Kuifanya mhimili wa biashara, hapana.

Nataka iliyotumika. Niangalie nini? (Msomaji, Nairobi)

Kwanza usinunue Quest ya kwanza ya 2019 hata kwa bei ya kutupa. Tangu 2024 gemu mpya hazitolewi tena kwa ajili yake. Quest 2 bado inafaa kwa mfuko mdogo, ila linganisha na Quest 3S mpya, iliyotoka 2024 kwa dola 299 huko Marekani. Juu yake weka usafiri, ushuru, na VAT ambayo kwenu ni asilimia 16, kwa jirani zenu Tanzania 18. PlayStation VR ya zamani itafanya kazi kwenye PS5 ukipata adapta ya kamera, lakini gemu zake hazichezeki kwenye VR2.

Ukifika kwa muuzaji, ivae. Fungua picha nyeupe utafute madoa ya jua. Mulika lenzi kwa tochi ya simu uone mikwaruzo. Wenye miwani ya macho huzikwaruza bila kujua. Ziache pedi mezani uone kama picha inasogea yenyewe bila kugusa vijiti vyake. Halafu mwambie afute akaunti yake na kila kilichomo mbele yako na wewe uingize akaunti yako hapohapo. Akianza kusema akaunti ni ya shemeji yake na nenosiri atakutumia jioni, mshukuru na uondoke na fedha zako.