Kadi ya Misa kwa asiyeamini

SWALI: Baba amefariki. Jirani ameniletea kadi ya Misa na rozari, nami siamini Mungu. Nijibu vipi bila kusema uongo?

JIBU: Pole sana kwa msiba. Kadi hiyo ina maana Misa itasomwa kumwombea marehemu, na kwa kawaida mtoaji ametoa sadaka kwa ajili hiyo. Shukuru upendo huo. Andika kwa mkono sentensi mbili tatu: "Asante kwa kumkumbuka baba. Kadi yako imenionyesha jinsi ulivyomthamini." Itaje zawadi yenyewe, maana shukrani ya jumla husomeka kama kukwepa. Usieleze msimamo wako hapo; aliyekuja kukufariji atajiona amekukosea. Ukialikwa kwenye Misa, waweza kwenda ukakaa kimya. Rozari usiitupe, mpe ndugu anayesali.