Mbona sola ya kampuni haina VAT na yangu inayo?

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko na kinyozi hapa Kitui mjini, stima ikipotea siku imeenda hivyo, so nikaamua niweke sola. Nimepewa kwotesheni ya paneli mbili, betri, inveta, waya na stendi, vyote vimewekwa pamoja halafu chini kabisa VAT 16%. Binamu yangu anafanya kazi shamba la maua Naivasha na anasema wao walipofunga sola hawakulipa hiyo kodi. Halafu ile kampuni ya upepo kule Turkana serikali inawabeba tu. Sasa sisi wadogo tunabebwa na nani?

JIBU: Dada, binamu yako hadanganyi. Sheria ya VAT inasamehe vifaa maalum vya sola na upepo na inavitaja: paneli, chaja kontrola (inayosimamia chaji ya betri), inveta za DC, betri za dip saiko (zile za kuweka stima ya sola). Waya na stendi za kawaida hazimo, hizo hata shamba la maua linalipa. Shida ni kwamba huu msamaha haukai mahali pamoja, 2020 bunge liliufuta, 2021 ukarudi, na uliporudi ukaja na sharti kwamba waziri wa nishati apendekeze kwa KRA, wale watoza kodi. Shamba la maua lina mhasibu wa kufukuzia hiyo barua wiki tatu, wewe ukitoka kwa duka wiki tatu wateja wamehamia kwa jirani. Na hata ukisamehewa, msamaha si bure, mwenye duka amelipa VAT kwa usafiri na kodi ya stoo na hawezi kuidai kwa bidhaa zilizosamehewa, kwa hivyo anaifinyanga ndani ya bei huko, hutaiona kwa risiti lakini umeilipa.

Sasa tuje kwa upepo, na kwanza hiyo mitambo iko Marsabit, jina lao Lake Turkana Wind Power limetoka kwa ziwa. Iko 365, megawati 310. Watu wanapiga kelele za kodi lakini kodi ndiyo kitu kidogo hapo, utamu uko kwa mkataba: Kenya Power inanunua umeme wao miaka 20, bei imewekwa kwa euro, na ni ule mtindo wa uchukue usichukue unalipa. Benki ya Dunia ilijitoa kwa mradi 2012 ikihofia hilo hilo, upepo uvume usiku watu wamelala na bado bili ije. Halafu mitambo ikawa tayari 2017 lakini laini ya kuleta umeme mpaka kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa kazi ya serikali na ilikamilika 2018, huku nyuma faini ya kuchelewesha ikapanda mpaka mabilioni. Upepo ukivuma bure sisi tukilipa, hebu fikiria.

Kusema ukweli bila mkataba kama huo hakuna benki ingewakopesha, na upepo si kama dizeli, haununuliwi. Mimi siupingi. Ila ukinunua tokeni ya stima, kwa yale makato kuna ya foreksi, yaani ya kubadilisha shilingi kuwa pesa za kigeni. Hapo ndipo euro na dola za mikataba ya umeme zinatua, kwa hivyo ukiuliza nani anambeba nani, jibu liko kwa tokeni yako.

Cha kufanya kesho: rudi dukani uwaambie waivunje hiyo kwotesheni, kila kitu mstari wake na VAT yake, mafundi wengi wanapiga 16% juu ya mzigo mzima kwa sababu ni rahisi kuandika. Ukiona VAT kwa paneli uliza kwa nini, labda ni ile barua ya waziri hawana, ukijibiwa ovyo ovyo tembelea duka lingine.

Na ukishafunga, mashine za kunyoa hazili stima sana, taa pia na redio hakuna shida, lakini ile birika ya kuchemshia maji ya kuoshea vichwa usiichomeke hapo. Itamaliza betri kabla ya saa sita.