Baba analala sana mchana, nimwamshe?

Swali: Daktari, baba yangu ana miaka 76. Tangu zamani akishakula mchana hujinyoosha kidogo barazani. Mwaka huu analala saa mbili nzima, na jioni anasinzia tena kitini. Kaka anataka tumwamshe, eti usingizi wa mchana unaleta usahaulifu.

Jibu: Kaka yako hakulizua, ila kaushika mkia wa jambo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee 1,401 waliovalishwa mkononi kifaa cha kurekodi mijongeo, wakafuatiliwa hadi miaka 14. Waliolala mchana zaidi ya saa moja kwa siku, uwezekano wao wa kupata Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, ulikuwa juu kwa asilimia 40 kuliko wenzao. Lakini katika wazee haohao, usingizi wa mchana ulizidi kwa kasi mara tu mtu alipougua. Ugonjwa huu hula hata seli za ubongo zinazotuweka macho. Basi usingizi huenda ukawa dalili, wala si chanzo.

Lepe la barazani lisikutishe. Dakika 20 au 30, kabla ya saa tisa alasiri, zinamtosha. Zikizidi anazama kwenye usingizi mzito, akiamka mguu unatafuta kandambili hauioni. Mimi huogopa zaidi nyonga kuvunjika hapo.

Kinachonishughulisha ni hilo neno lako "mwaka huu". Usiku analalaje? Sikiliza mlangoni: je, anakoroma, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka akitweta? Hiyo ni pumzi inayokatika usingizini, na ina tiba. Hesabu pia anaamka mara ngapi kukojoa. Huenda ni tezi dume, sukari, au kidonge cha presha cha kukojoza anachomeza jioni badala ya asubuhi.

Kisha fungua mfuko wake wa dawa. Nimekutana na wazee wanaomeza Piriton kila usiku kwa mafua yaliyokwisha miezi iliyopita! Dawa hiyo hukawia kutoka kwenye mwili wa mzee, na huvuruga kumbukumbu. Usimwachishe dawa ya presha kwa uamuzi wako. Njoo naye, na mfuko wote, tupime sukari, damu na tezi ya shingo.

Ila akianza kupotea njia ya msikitini anaoswali kila siku, au kuuliza jambo lilelile mara tatu asubuhi moja, usingoje tarehe ya kliniki.